Roboti Iliyonenepa Wakati wa Swala

Roboti haili.

Hainywi chai, haidokoi nyama jikoni, haialikwi harusini. Ukiipima asubuhi na ukaipima tena mchana, namba ni ile ile. Hilo si suala la imani. Ni suala la mizani.

Lakini Jumamosi ile mjini Garissa, roboti ya Filsan ilitoka ukumbini kwenda mapumziko ya adhuhuri ikiwa na gramu 492. Iliporudi, ilikuwa na gramu 527.

Niliitoa kwenye mizani. Nikaagiza feni zizimwe, kwa sababu upepo wa feni huisumbua mizani ndogo. Ukumbi mzima ukaguna. Joto la Garissa si la kumzimia mtu feni.

Nikaweka juu ya mizani kile kipande changu cha chuma ambacho uzito wake naujua. Mizani ilikuwa inasema kweli.

Nikairudisha roboti. 527.

"Manze Filsan," Awil akapaza sauti kutoka meza ya pili, "hiyo kitu yako imekula pilau ya harusi ya nani?"

Watu wakaangua kicheko.

Filsan hakucheka.

Jina langu ni Jawahir. Nafundisha elektroniki chuoni, na wanaonijua wanajua kwamba sipatani na neno "kama". "Kama nusu kilo" si nusu kilo. Nadhani ndiyo sababu nilipewa kazi ya ukaguzi katika mashindano ya mieleka ya roboti ya shule za eneo letu.

Kwa asiyejua, mchezo ni huu. Roboti mbili zinawekwa kwenye ulingo wa duara. Hakuna rimoti. Zinatafutana zenyewe kwa sensa zake, na inayosukumwa nje ya duara imeshindwa. Basi.

Katika mchezo huo uzito ndio nguvu. Roboti nzito inakaza magurudumu chini, haisukumiki ovyo. Kwa hiyo tunazigawa. Za kwanza ni zisizozidi gramu mia, nazo lazima ziingie ndani ya kisanduku cha sentimita tano kwa tano. Kisha nusu kilo, kisanduku cha sentimita kumi. Kisha kilo tatu, kisanduku cha sentimita ishirini.

Wanafunzi wamezipa majina ya huku kwetu. Kuku, mbuzi, ngamia.

Baina ya mbuzi na ngamia hakuna kitu. Ukizidi nusu kilo hata kwa gramu moja, unapelekwa kwa ngamia. Huko utakanyagwa.

Na ujanja wa mizani haukuanza na roboti. Katika masoko ya mifugo yuko muuzaji anayemlambisha mbuzi chumvi, akamnywesha maji mpaka tumbo likawa ngoma, ndipo akampeleka kupimwa. Vijana wetu wamerithi akili hiyo. Wanapima roboti ikiwa nyepesi, wanapigiwa muhuri, halafu wanaenda pembeni kupachika vyuma.

Ndiyo maana kila roboti inayotoka nje ya ukumbi hupimwa tena.

Ya Filsan ilitoka. Stima zilikuwa zimepotea, betri yake imekwisha nguvu, nikamruhusu akaichaji kwenye pikapu ya baba yake iliyoegeshwa uani. Akaiacha huko na kwenda kuswali na wenzake. Stima ziliporudi, akaileta.

Ilikuwa imebaki fainali ya mbuzi tu. Filsan na Awil. Mshindi anakwenda Nairobi.

Hapa lazima nieleze neno Nairobi lilikuwa na maana gani katika nyumba ile.

Filsan alikuwa na dada anayeitwa Iftin. Alikwenda Nairobi na wenzake kwa kozi fupi ya kompyuta. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Simu ikazimwa.

Wengine mjini walisema ameolewa kisiri. Wengine, wale wenye ndimi ndefu, walisema amevuka Diff. Diff ni mji tu wa mpakani na Somalia, una maduka na mifugo kama miji mingine. Lakini mtu akisema kijana wa watu "amevuka Diff", huku anatazama pembeni, kila mmoja anaelewa amekwenda kujiunga na wapiganaji gani.

Polisi waliwaelewa hao wa mwisho. Baba yake, Mzee Abdilatif, alichukuliwa kuhojiwa zaidi ya mara moja. Alilala seli. Aliachiliwa bila kosa na bila pole.

Kabla ya mashindano nilikwenda kwake kuomba ruhusa. Mzee huyo ni mtu wa ngamia. Wanyama wako malishoni upande wa Masalani na wachungaji, yeye yuko mjini na simu. Alinitilia chai ya maziwa ya ngamia, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza kila kitu: basi gani, hosteli gani, walimu gani, tutarudi lini.

"Mwalimu," akasema, "hata Iftin alienda na mwalimu."

Ukweli wote niliokuwa nao haukumfikia alipokuwa.

Akazungusha kikombe chake.

"Akishinda, ataenda. Lakini mimi nitajua iko wapi. Saa yote."

Nilidhani anazungumzia simu.

Sasa turudi kwenye meza yangu.

"Fungua," nikamwambia Filsan.

"Madam, wallahi mimi sijaongeza kitu."

"Sijakuuliza. Fungua."

Akachukua bisibisi. Akatoa kifuniko, kisha betri. Na pale nyuma kabisa, chini ya mahali pa betri, palikuwa na kifuko cha ngozi nyeusi kilichoshonwa pande zote.

Hirizi.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. "Roboti imefungwa hirizi kama ndama!" mmoja akasema. "Ayeyo wake anaogopa jicho la Awil!" mwingine akadakia, na ayeyo ni bibi kwa lugha yetu.

Awil akasimama juu ya kiti. "Madam, hiyo ni doping! Mimi naleta motor, yeye analeta sheikh?"

Hata mimi karibu nitabasamu. Wafugaji wetu humfunga ngamia mzuri hirizi shingoni, asipatwe na jicho baya. Si ajabu mtu wa nyumba ile kuifungia hirizi roboti inayosimamishwa mbele ya watu wengi. Kisheria jambo lilikuwa jepesi. Toa, pima tena, pigana.

Lakini mimi niliipima ile hirizi peke yake.

Gramu 35.

Hirizi ni karatasi yenye aya, na ngozi juu yake. Nimekulia Wajir, nimevaa hirizi utotoni, najua iko vipi. Karatasi na ngozi za ukubwa ule hazifiki hata gramu kumi. Nikaibonyeza. Ndani kulikuwa na kitu kigumu, chenye pembe.

Halafu, katikati ya mshono, taa ndogo ya kijani ikawaka. Ikazima.

"Bomu!"

Sijui nani alisema. Katika mji wetu neno hilo halihitaji kusemwa mara mbili.

Viti vilianguka. Mtu alikanyaga mtu. Viatu vilibaki ukumbini bila wenyewe, na mtandio wa mtu ukining'inia kwenye kitasa cha mlango. Muda mfupi tu, nikajiona nimesimama peke yangu na kile kifuko mkononi.

Sikukimbia. Usidhani ni ushujaa. Nilifanya hesabu. Gramu 35, toa ngozi, toa karatasi, toa gamba la plastiki, toa betri ya kuwasha taa. Hakuna nafasi iliyobaki ya kitu cha kuua mtu. Hesabu ikanituliza.

Filsan naye hakukimbia. Alikuwa anaitazama ile taa ya kijani inavyowaka na kuzima, na niliona usoni mwake kitu ambacho sikukitarajia.

Anaijua.

Afande Mwendwa, aliyekuwa akisimamia ukaguzi wa getini, akaingia na bunduki yake. Alikuwa akitokwa na jasho.

"Madam, weka chini hiyo kitu. Polepole. Sasa rudi nyuma."

Nikaweka. Sikurudi nyuma sana.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu," Filsan akasema.

"Yako? Ni nini?"

"Ni chuma tu, afande. Nilitaka kuongeza uzito." Kisha akanigeukia mimi. "Nimecheat, madam. Niondoe kwa mashindano."

"Chuma inawaka taa?" Afande Mwendwa akauliza.

Filsan aliendelea kunitazama mimi.

Nilijua anadanganya, na si kwa kumtazama machoni. Anayeongeza uzito kwenye roboti ya mieleka anauweka mbele, juu ya ubapa unaosukuma, ili pua isiinuke. Kifuko kile kiliwekwa nyuma kabisa. Roboti ingeinua pua, na Awil angeichota kama koleo linavyochota mchanga. Kosa hilo hawezi kulifanya msichana aliyeijenga kwa mikono yake. Limefanywa na mtu asiyejua chochote kuhusu roboti.

"Filsan," nikamwambia, "kwa nini uliweka nyuma?"

Akanisogelea. Akanong'ona kwa Kisomali:

"Eeddo, nakuomba. Aabo akiingia seli tena, hatatoka mzima."

Eeddo ni shangazi, na aabo ni baba. Kabla ya hapo hakuwahi kuniita chochote isipokuwa madam.

Nikaelewa. Nikikubali uongo wake, ataandikwa mdanganyifu na kufungiwa mashindano, na huyu afande hataishia hapo. Nikisema ninalolijua, watamfuata mzee ambaye jina lake tayari wanalo.

Siku zote nimeamini ukweli haumdhuru asiye na hatia. Hiyo, nimekuja kugundua, ni imani ya mtu ambaye hajawahi kuhojiwa.

Sikulazimika kuchagua. Watu wakiwa bado wanasukumana uani kutoka getini, kuna mmoja alikuwa anasukuma kuingia. Kofia ilikuwa imemwanguka. Ndevu zake nyekundu za hina zilikuwa zimejaa vumbi.

"Wacha mtoto," Abdilatif akasema. "Hii kitu ni yangu."

"Aabo, hapana..."

"Wewe nyamaza."

"Mikono juu!" Afande Mwendwa akafoka. Kisha akamtazama vizuri. "Mzee... ni wewe tena?"

"Ni mimi tena, afande."

Mikono ilikuwa juu. Mmoja ulishika simu.

Hapo nikaingilia. Nilimwambia afande kwamba hakuna haja ya kubishana, kila kitu kinaweza kuthibitishwa pale pale. Nikachukua wembe wa kukatia nyaya, nikakata ule uzi mbele ya macho yake. Ndani kulikuwa na karatasi ya aya iliyokunjwa vizuri, na chini yake kisanduku cheusi cha plastiki.

"Ni traka," nikasema. "Kama zile za kufungwa kwenye lori."

"Ni ya ngamia," Abdilatif akasahihisha.

Akamwonyesha simu. Kwenye ramani kulikuwa na vidoti upande wa Masalani, kila kimoja na jina la ngamia. Kidoti kimoja kilikuwa peke yake katikati ya Garissa, kimesimama juu ya ukumbi wetu. Hicho hakikuwa na jina.

"Kifanye kilie," nikamwambia.

Akabonyeza. Kile kisanduku kikalia kiganjani mwangu, mlio mwembamba kama wa kifaranga.

Afande Mwendwa akashusha bunduki. Akavuta kiti kimoja kilichokuwa kimeanguka, akakaa.

"Sasa mzee, niambie. Unafunga mtoto wako traka ya ngamia kwa nini?"

"Afande, tangu nifunge hii, ngamia yangu hata moja haijapotea." Abdilatif akatazama sakafu. "Mtoto imepotea."

Afande akailaza bunduki magotini.

"Msichana akitaka, anazima simu," akaendelea. "Anatupa. Lakini hii roboti hawezi kutupa. Mahali iko, yeye iko. Nikaweka kwa hirizi, kwa sababu hata akiona hatafungua. Nani anafungua hirizi?"

Alikuwa sahihi. Hesabu yake yote ilikuwa sahihi, isipokuwa moja. Katika wanyama wake wote, hakuna ngamia aliyewahi kulalamika kuhusu gramu thelathini na tano.

"Ungeniambia tu pale getini," afande akasema.

"Wewe na mimi, afande, tulishaongea ya kutosha."

Afande Mwendwa akakohoa. Akakichukua kitambulisho cha mzee, akasema atakirudisha mashindano yakiisha. Kisha akatoka kuwaambia watu warudi.

Filsan alikuwa hajamtazama baba yake bado.

"Kwa hiyo unanichunga kama ngamia, aabo?"

"Ngamia sichungi hivi," akajibu. "Ukiitoa hiyo kitu, Nairobi hakuna."

Watu wakarudi mmoja mmoja, kila mtu akitafuta kiatu chake. Awil, aliyetoka wa kwanza kabisa, alirudi na chupa mkononi. "Mimi nilienda tu kununua maji," akasema, na hakuna aliyemuuliza.

Nikamweleza Filsan hali yake kama ilivyo. Akitoa traka, anabaki mbuzi. Akiiacha pamoja na vyote vingine, anakwenda kwa ngamia.

"Madam, sheria inakataza traka?"

Nikaisoma sheria. Nikairudia. Inakataza kuiendesha roboti kutoka nje. Traka haiendeshi kitu. "Haikatazi."

Akaitwaa ile karatasi ya aya, akamrudishia baba yake kwa mikono miwili. Ngozi akaiweka pembeni. Kisha akashika bisibisi, na badala ya kuitoa traka kwenye hesabu, akaanza kulegeza kibamba cha chuma kilichokuwa mbele, juu ya ubapa, alichokuwa amekiweka mwenyewe ili kukazia pua chini. Akakitoa. Mahali pake akaibandika traka na kuifunga kwa skrubu zile zile.

Nikazima feni. Safari hii hakuna aliyeguna.

498.

"Mbuzi," nikasema.

Alimshinda Awil mizunguko miwili mfululizo. Awil akampa mkono, akasema, "Siz, roboti yako imenipiga na network." Mzee Abdilatif alikuwa amesimama nyuma ya ukumbi, hakupiga makofi, anatazama simu yake.

Kulikuwa na jambo moja nililoliona na sikulipima. Msichana anayechukia kufuatwa angeifunga traka ile kwa utepe, apate kuibandua njiani. Filsan alizikaza skrubu mpaka bisibisi ikateleza. Nikalichukulia kuwa ni utiifu.

Nilikosea.

Nairobi tulipokelewa vizuri. Roboti zikapimwa, zikapita. Alasiri tukarudi hosteli kupumzika, na nilipohesabu wasichana, Filsan hakuwepo.

Begi lake lilikuwepo. Simu yake ilikuwa juu ya kitanda, imezimwa.

Roboti haikuwepo.

Nilikaa kwenye kile kitanda. Nilitafuta hesabu ya kunituliza, sikuipata. Nikampigia Abdilatif, na kabla sijasema neno akanijibu.

"Najua. Naona." Sauti yake ilikuwa kavu. "Imefika Eastleigh. Imesimama. Nenda, mwalimu. Mimi nakuongoza."

Nikachukua teksi. Yule mzee, akiwa Garissa, aliniongoza mitaa ya Nairobi vile anavyowaongoza wachungaji wake porini. Kata kushoto. Mbele. Umepita, rudi. Sasa shuka, tembea. Katikati ya maelekezo nilikuwa nasikia pumzi yake tu.

Kidoti kilikuwa ndani ya jengo la maduka, ghorofa ya chini, kwenye kibanda cha kutengenezea simu chenye upana wa godoro. Filsan alikuwa amekaa kwenye stuli. Roboti ilikuwa juu ya kaunta. Nyuma ya kaunta, akiwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, alikuwa mwanamke kijana mwenye baibui jeusi.

Sikuwahi kukutana na Iftin. Lakini paji la uso lilikuwa lile lile.

"Filsan!"

Hakushtuka hata kidogo. "Umechelewa, madam. Nilijua aabo atakutuma."

Yule mwanamke akaweka chini kifaa chake. "Aabo? Aabo anajuaje uko hapa?"

Nikaambiwa yote pale pale, nusu kwa Kisomali, nusu kwa kilio. Iftin hakuvuka mpaka wowote. Baba alikuwa amemkubalia posa mtu wa mji wa Takaba, mwenye maduka na mifugo na umri kama wa baba mwenyewe, na Iftin hakuulizwa. Kozi ya kompyuta ikawa njia yake ya kutoka. Tangu hapo alikuwa akimpigia Filsan kwa simu za marafiki. Yeye ndiye aliyemfundisha kuunganisha nyaya. Na alikuwa amemwapisha kwa msahafu kwamba hatamwambia mtu alipo.

"Niliapa sitasema," Filsan akasema. "Na sijasema. Hata neno moja."

Akaielekezea roboti kidevu.

Iftin akaitazama. Akaona kile kisanduku cheusi kwenye pua yake, na yeye ni fundi, hakuhitaji kuelezwa.

"Filsan. Umenifanyia nini?"

"Wewe umemfanyia nini?" Filsan akasimama. "Walikuwa wanakuja nyumbani, wanamchukua. Anarudi hawezi kuinua kikombe. Kila mara mimi naujua ukweli, na mdomo wangu umefungwa na kiapo chako. Wewe hukumwona. Mimi nilimwona."

Simu yangu ilikuwa bado hewani.

"Mwalimu?" sauti ikaita. "Umefika? Yuko sawa? Yuko na nani?"

Iftin akanitikisia kichwa. Hapana.

Sijawahi kuficha nilichokiona. Sikutaka kuanza siku ile. Lakini jibu lile halikuwa langu kulitoa.

"Yuko sawa," nikasema. "Na hapa kuna mtu anayeweza kukujibu hilo la mwisho mwenyewe, akitaka."

Nikaiweka simu juu ya kaunta, kando ya roboti, nikasogea.

Barazani watu walikuwa wakipita na mifuko yao. Mtu alikuja kuuliza kioo cha simu, Filsan akamwambia tumefunga.

Iftin akainama.

"Aabo," akasema.

"Yule mtu wa Takaba," sauti ikasema hatimaye, taratibu, "alishaoa. Zamani. Unasikia? Alishaoa mtu mwingine."

"Najua, aabo. Filsan aliniambia."

"Unajua? Sasa mbona..."

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Mimi nilitoka nje.

Filsan alishindwa mashindano ya Nairobi katika mzunguko wa kwanza. Abdilatif alifika na basi, akakaa kwenye kile kibanda siku nzima, na alichozungumza na Iftin sikukisikia. Iftin hajarudi Garissa mpaka leo. Anaogopa maswali ya polisi, na sidhani anaogopa bure. Filsan na dada yake wamerudi kuongea, lakini si kama zamani. Nikiulizwa kama msichana yule alifanya vizuri, nasema sina kipimo cha jambo hilo.

Ninachokijua ni hiki, na wenye watoto wakisikie. Kifaa kitakuonyesha mtu wako yuko wapi, mpaka mlango aliosimama nyuma yake. Hakitakuonyesha kwa nini aliondoka. Hilo linaulizwa kwa mdomo, na anayepaswa kuuliza kwanza ni yule aliyeamua bila kuuliza.